Nguvu, Kani na Nishati: Juu ya Maneno ya Mitambo ya Ajabu

Miongoni mwa maneno yamtaabishayo mfasiri wa vitabu vya sayansi, hakuna lizidilo neno "nguvu". Mtu mwenye misuli ana nguvu. Dawa ina nguvu. Hoja ina nguvu. Sheria hupata nguvu. Na mto uendao kasi una nguvu. Katika mazungumzo ya kila siku upana huu ni neema, wala si kazi ya mtaalamu wa lugha kuupunguza. Walakini katika fizikia upana huo huo ni mlango ulioachwa wazi, na wamepita humo watu wa nchi nyingi wakiwa na mitambo isemwayo kutoa nishati pasipo kula kitu, au kuinua vitu angani pasipo kitu cha kuvishika. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya madai hayo husimama juu ya maneno, na kwamba mtunga istilahi ana fungu lake katika kuyapima.

Tuchukue mfano wa sumaku, kwa kuwa ndiyo ipendwayo sana na watengenezaji wa mitambo hiyo. Mtu husema: "Sumaku ina nguvu isiyokwisha, basi tukiipanga vema kuzunguka gurudumu, gurudumu litazunguka daima." Sentensi ya kwanza yaelekea kuwa kweli. Sumaku iliyobandikwa kwenye mlango wa chuma yaweza kukaa hapo miaka mingi bila ya kuanguka. Lakini kilichopo hapo ni kani, yaani mvuto au msukumo, si nishati. Kani isiyosogeza kitu haifanyi kazi yo yote katika maana ya fizikia, na isiyofanya kazi haitumii kitu. Ndiyo sababu haikwishi. Msumari uliopigiliwa ukutani nao huubeba mkoba mwaka mzima, na hakuna aliyewahi kudai kwamba msumari ni chemchemi ya umeme. (Hamali asimamaye na gunia kichwani huchoka, ni kweli, lakini hiyo ni habari ya misuli yake, ambayo huchoma chakula hata asipopiga hatua.) Kwa hiyo mwenye kudai ameanza na "nguvu" kwa maana ya kani, akamaliza na "nguvu" kwa maana ya nishati, na msikilizaji hakuona daraja lilipovukwa. Ukiiandika hoja ile ile kwa istilahi zilizokwisha kuzoeleka vitabuni, itakuwa hivi: "Sumaku ina kani isiyokwisha, basi ina nishati isiyokwisha." Hapo hata mwanafunzi ataona kwamba neno "basi" halina haki ya kukaa mahali pale.

Njia ya kuzitenganisha si ngumu. Kila moja ina kipimo chake: kani hupimwa kwa nyutoni, nishati kwa juli. Kuinua kitu chenye tungamo la kilo 1 kwa kimo cha mita 1 kwahitaji juli 9.8 hivi, kwa mikono au kwa winchi, na juli hizo sharti zitoke mahali.

Isidhaniwe kwamba huu ni umaskini wa Kiswahili. Wajerumani walipata taabu ile ile, tena mabingwa wao. Mayer mwaka 1842, na Helmholtz mwaka 1847, walipoieleza kanuni kwamba nishati haiumbwi wala haipotei, wote wawili walitumia neno "Kraft", ambalo kwa Kijerumani cha leo ni kani. Kwa Kiingereza, Thomas Young alikwisha kulipendekeza neno la kutaja nishati mwaka 1807, lakini palipita miaka mingi kabla halijakubaliwa na watu wote. Sisi tumepata njia fupi zaidi: "kani" ni neno la zamani lililomo katika kamusi kwa maana ya nguvu na ya ushindani, na "nishati" limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni uchangamfu na utendaji. Yote mawili yalikuwa na nafasi ya kupewa mipaka mipya.

Tazama sasa yale yaliyotokea Philadelphia, Marekani, ambako John Keely kuanzia miaka ya 1870 aliwakusanyia wenye hisa fedha nyingi kwa ajili ya injini aliyosema yaendeshwa kwa nguvu iliyofichika ndani ya maji na etha. Baadaye alidai pia kuondoa uzito wa vitu kwa mitetemo. Kwa mtu wa isimu, kinachostaajabisha katika habari zake ni msamiati. Jina la injini moja liliunganisha maji, hewa, mapigo na utupu katika neno moja refu. Na maelezo yake yalijaa "huruma" za mitetemo na "mikondo" isiyo na kipimo. Maneno kama hayo hayafasiriki, si kwa kuwa ni ya kina, bali kwa kuwa hayakutaja kitu ambacho mtu wa pili angeweza kukipima. Keely alifariki mwaka 1898. Wachunguzi walioingia katika karakana yake walikuta chini ya sakafu tufe kubwa la chuma, lenye uzito wa tani 3 hivi, ambalo waliona kuwa lilikuwa ghala la hewa iliyoshindiliwa. Istilahi zake ziliishia hapo, na fedha za watu pia. Chuo cha Sayansi cha Paris kilikwisha kuamua tangu mwaka 1775 kutopokea tena mitambo ya mwendo wa daima, na uamuzi huo ulikuwa wa busara.

Lipo neno jingine ambalo kwalo Kiswahili chatusaidia kuliko Kiingereza. Mwaka 1882 Helmholtz aliita "nishati huru" ile sehemu ya nishati iwezayo kugeuzwa kuwa kazi. Huru hapa maana yake ni isiyofungwa. Kiingereza kililichukua kwa neno "free", ambalo hubeba maana ya huru na ya bure kwa pamoja. Na wauzaji wa mitambo hupenda kuonyesha kwamba hata vitabu vya vyuo vikuu vyaitaja nishati hiyo. Vyaitaja kweli, lakini hiyo haina uhusiano wo wote na kutolipia. Mfasiri wa Kiswahili halazimiki kuurithi utata huu: aandike "nishati huru" kwa istilahi ya kemia, na "nishati ya bure" kwa dai la mtambo. Na "bure", kwa bahati, ndilo neno lile lile tulitumialo kwa jambo lisilofaa kitu.

Kuhusu kuelea angani, uangalifu wahitajika zaidi, maana kuelea kwingine ni kweli. Mwaka 1997 huko Nijmegen, Uholanzi, Andre Geim na wenzake walimwelesha chura hai ndani ya sumaku yenye ukali wa tesla 16 hivi. Hapakuwa na muujiza: maji ya mwilini husukumwa kidogo sana na sumaku, na sumaku kali huongeza msukumo huo hata ukalingana na uzito. Uzito wa chura haukuondolewa, ulishikwa. Mwanaanga naye husemwa kuwa "hana uzito", ilhali katika kimo cha kilomita 400 mvutano wa dunia bado ni kama asilimia 90 ya ule wa hapa chini; yeye huanguka pamoja na chombo chake. Kinyume chake, Eugene Podkletnov, aliyefanya kazi Tampere, Finland, alidai katika miaka ya 1990 kwamba vitu vilivyowekwa juu ya sahani yake izungukayo vilipungua uzito, hata kufikia asilimia 2. Dai hilo lilikuwa na tarakimu, kwa hiyo liliweza kujaribiwa. Na jaribio lililochapishwa mwaka 2003, katika jarida lile lile lililochapisha habari yake ya kwanza, halikuona upungufu.

Kwa sababu hiyo napendekeza kitenzi "kuelea" kisiingizwe peke yake katika orodha za istilahi. Kiandikwe pamoja na kile kielezacho: kuelea kwa sumaku, kuelea kwa hewa, kuelea kwa maji. Mwenye kudai kwamba kitu chake chaelea tu, pasipo nyongeza, atakuwa ameiacha nafasi hiyo wazi mbele ya macho ya msomaji.