Kompyuta ilivyochuja michanganyiko milioni 32 kutafuta betri mpya

Ndani ya betri ya simu yako kuna kimiminika. Unapochaji na unapotumia simu, chembe za lithiamu hupita humo kwenda na kurudi. Tatizo ni kwamba kimiminika hicho kinashika moto.

Ndiyo maana wanasayansi wanatafuta kitu kigumu cha kukaa mahali pake. Na wangependa kisile lithiamu nyingi, maana magari ya umeme na betri za sola zinaigombania pia.

Kitu gani sasa? Ukibadilisha atomu chache tu unapata kitu kingine kabisa, na huwezi kupika vyote maabara.

Kampuni ya Microsoft na maabara ya taifa ya PNNL, iliyoko jimbo la Washington, Marekani, zilianza na michanganyiko zaidi ya milioni 32, yote ikiwa kwenye kompyuta tu. Kwanza akili mnemba ilitupa ile ambayo ingevunjika yenyewe. Ikabaki kama nusu milioni.

Baada ya hapo ikaja kazi nzito ya kuiga atomu zenyewe. Kompyuta inaambiwa kila atomu iko wapi, inapiga hesabu ya jinsi zinavyovutana na kusukumana, inazisogeza kidogo mno, halafu inapiga hesabu upya. Hatua moja ni fupi ajabu: gawa sekunde mara milioni, kisha kila kipande kigawe mara bilioni. Ukirudia hivyo mara nyingi unaona kama lithiamu inapenya au imekwama.

Hesabu za elektroni zinazotumika hapa zina deni kwa Walter Kohn, aliyepata Nobel ya kemia mwaka 1998. Ni sahihi lakini zinachosha hata kompyuta kubwa, kwa hiyo akili mnemba hufundishwa kwa majibu yake ili ikisie haraka. Hapo ndipo muda unapookolewa, siyo kwamba mashine imekuwa mkemia.

Mchujo ulichukua takriban saa 80, wakabaki washindani 18. Matokeo yalitangazwa Januari 2024. Mmoja wao, N2116, ulitengenezwa PNNL ukawasha taa. Sehemu ya lithiamu imebadilishwa na sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi ya jikoni, na inasemekana lithiamu inaweza kupungua hadi asilimia 70.

Ila usikimbilie dukani. N2116 unapitisha chembe polepole kuliko vigumu vingine vyenye lithiamu nyingi. Tena kompyuta huchora fuwele safi, atomu zimepangwa mstarini. Maabara unapata unga uliogandamizwa, wenye nyufa na mipaka kati ya punje, na lithiamu hukwama hapohapo. Kuchaji mara mia kadhaa bila kuharibika, hilo linapimwa kwa mikono.