Choo cha Kwanza Kinapochelewa

Mtoto wa siku tatu anapoletwa kliniki tumbo limevimba na kila anachonyonya anakitapika, lipo swali moja linaloweza kumwokoa: choo chake cha kwanza kilitoka lini? Choo hicho ni cheusi chenye ukijani, kinanata kama lami, na zaidi ya watoto 9 kati ya 10 waliozaliwa miezi ikiwa imetimia hukipata kabla ya saa 24 kwisha. Zikipita saa 48 bila kitu, huu si wakati tena wa kusema "kitatoka tu".

Swali hilo lina uzito wa pekee Dzaleka, kambi ya wakimbizi wilayani Dowa, Malawi, kilometa 40 hivi kaskazini mwa Lilongwe. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, kwa ajili ya watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa wamepita 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili kinawaunganisha, lakini muuguzi Mmalawi huenda akauliza kwa Kichewa. Mama aliyechoka akiitikia kwa kichwa swali ambalo hakulielewa, siku nzima imepotea. Kwa hiyo namhesabu mkalimani miongoni mwa waganga. Na mtoto avuliwe nguo zote, atazamwe: wapo wanaozaliwa bila tundu la haja kubwa, wakagunduliwa siku ya nne kwa sababu hakuna aliyefungua nepi akaangalia.

Kama tundu lipo, mojawapo ya mambo ya kushukiwa ni ugonjwa wa Hirschsprung, unaompata takriban mtoto 1 kati ya 5,000, wavulana zaidi ya wasichana. Chanzo chake kiko mbali, tumboni mwa mama. Kati ya wiki ya 5 na ya 12 ya mimba, seli za neva husafiri kutoka juu kuteremka kwenye utumbo, zikijipanga katikati ya tabaka za misuli. Ndizo zitakazouamuru utumbo ujikaze na kulegea ili uchafu usogee. Zikikomea njiani, kipande kilichobaki chini hakina wa kukiamuru. Kinabaki kimejikaza, na kila kitu kinarundikana juu yake.

Daktari Harald Hirschsprung wa Copenhagen alieleza habari za watoto wawili wa namna hii mwaka 1886. Alichokiona ni utumbo mpana uliotanuka kupita kiasi, na akadhani ugonjwa uko hapo. Kwa miongo kadhaa wapasuaji nao walikata sehemu iliyotanuka, wakakiacha kile kipande chembamba cha chini kilichoonekana kizima, na wagonjwa hawakupona. Mwaka 1948 Orvar Swenson, huko Boston, alitangaza upasuaji uliogeuza mambo: kata kile kisicho na neva, vuta chini utumbo wenye neva, uushone karibu na njia ya haja kubwa. Mbinu za leo zimetokana na wazo hilo.

Kutoka Dzaleka mtoto hupelekwa Hospitali Kuu ya Kamuzu jijini Lilongwe, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kati. Uchunguzi huanza na eksirei, bariamu ikiingizwa kwa nyuma ili ionekane mahali utumbo uliojikaza unapokutana na uliotanuka. Lakini kwa mtoto mchanga picha hiyo inaweza kudanganya. Uthibitisho ni kipande kidogo cha nyama kutoka puru, kinachotazamwa kwa hadubini: seli za neva zipo au hazipo? Kwa hiyo maabara ya patholojia iliyoanza kazi hospitalini hapo mwaka 2011, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha North Carolina, ina uzito sawa na chumba cha upasuaji.

Wakati wa kusubiri upasuaji, utumbo husafishwa kwa maji ya chumvi vuguvugu kupitia mpira laini. Uchafu ukikaa, utumbo huwaka: homa, tumbo gumu, choo cha majimaji chenye harufu kali. Hapa ndipo pa kuogopa kambini, ambako kuharisha ni jambo la kawaida. Mtoto hupewa maji ya chumvi na sukari, akarudishwa nyumbani na sumu tumboni.

Mara nyingi hatua ya kwanza ni kutoboa tundu tumboni ili choo kipitie hapo, na upasuaji wa kuvuta utumbo hufuata miezi kadhaa baadaye, mtoto akishapata uzito. Miezi hiyo ni ya mama. Mifuko ya choo ikikosekana, hukunja kitambaa safi, akapaka mafuta mazito kuzunguka tundu ili ngozi isichubuke, akafua na kubadilisha usiku na mchana, katika kambi ambako maji hupangiwa foleni. Tangu serikali ianze mwezi Mei 2023 kuwarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini, safari ya Lilongwe imehitaji kibali pamoja na nauli.

Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2021, kutoka hospitali 264 katika nchi 74, ulihesabu watoto waliozaliwa na kasoro saba za tumbo na utumbo. Katika nchi maskini walikufa karibu 40 kati ya 100. Katika nchi tajiri, chini ya 6. Kasoro ni zilezile. Kinachoweza kubadilishwa Dzaleka wiki hii hii ni kuandika saa ya choo cha kwanza kwenye kadi ya kila mtoto anayezaliwa, na anayetapika matapishi ya kijani asilale kambini: apelekwe Lilongwe siku hiyohiyo, kwani huenda utumbo umejisokota, na utumbo uliojisokota hufa kwa saa chache.