Somo la Redio: Jicho na Miwani

Kaeni karibu na redio, kila mmoja na kitabu chake. Mwalimu, tafadhali weka mezani chupa ya duara isiyo na rangi, iliyojaa maji.

Leo tutazungumza juu ya jambo linalowatoa watu wazima wengi darasani. Mtu wa miaka 45 hujiandikisha kwa moyo. Afunguapo kitabu, herufi zimejaa ukungu. Hukisogeza mbali, hupepesa macho, kichwa humwuma. Baada ya wiki mbili husema, "Nimezeeka, akili yangu haishiki tena," akaacha. Lakini je, ni akili kweli? Mtu huyo huyo humtambua ng'ombe wake aliye ng'ambo ya bonde! Sikilizeni, kisha mtajibu wenyewe.

Jicho huonaje? Zamani wataalamu wengi walidhani kwamba jicho hutoa miale yake na kuvigusa vitu. Yapata miaka 1000 iliyopita, Ibn al-Haytham, mtaalamu aliyezaliwa Basra, Iraki, aliandika kitabu kuonyesha kwamba sivyo: mwanga hutoka kwenye vitu, nao huingia jichoni. Mwaka 1604 Johannes Kepler, Mjerumani, akaeleza kwamba mwanga huo huchora picha nyuma ya jicho, tena picha hiyo ni kichwa chini, miguu juu. Ubongo ndio unaotuwezesha kuviona vitu vimesimama sawasawa.

Jicho ni kama mpira mdogo, upana wake yapata milimita 24. Mbele lina ngozi ngumu inayopitisha mwanga kama kioo, nayo huitwa konea. Lile duara jeusi katikati ni tundu la kuingizia mwanga, yaani mboni. Nyuma ya mboni kuna lenzi, na ukuta wa nyuma kabisa huitwa retina. Retina hupokea picha na kuipeleka ubongoni.

Sasa shikeni ile chupa ya maji, mwiweke mbele ya kitabu na kutazama herufi kupitia kwayo. Mwaona? Herufi zimekua. Ni kwa sababu mwanga hupinda unapopita katika kitu angavu kilichobenuka. Konea na lenzi hufanya hivyo hivyo: huupinda mwanga ili ukutane mahali pamoja, juu ya retina. Konea hufanya yapata theluthi mbili za kazi hiyo, na lenzi huimalizia.

Lakini lenzi ina kazi ambayo konea haiwezi. Yaweza kubadilika umbo. Mtazamapo kitu cha karibu, msuli mdogo huifanya iwe nene. Mtazamapo mbali, huwa nyembamba. Jaribuni: fumbeni jicho moja, inueni kalamu mbele ya jicho la pili. Mkiitazama kalamu, ukuta una ukungu. Mkiutazama ukuta, kalamu ina ukungu. Asiyeiona kalamu vizuri asihofu, habari zake zinakuja.

Kasoro za kukusanya mwanga ni nne.

Kwanza, kutoona mbali. Mara nyingi jicho ni refu mno, na mwanga hukutana kabla ya kufika kwenye retina. Dawa yake ni miwani yenye lenzi mbonyeo, yaani nyembamba katikati na nene pembeni.

Pili, jicho kuwa fupi mno. Mwanga hufika kwenye retina kabla haujakutana, na vitu vya karibu hasa huwa na ukungu. Hapa yatakiwa lenzi mbinuko, iliyo nene katikati.

Tatu, konea kutobenuka sawa pande zote. Badala ya kuwa kama mpira, ina umbo kama mgongo wa kijiko. Mwenye jicho hili hupimiwa lenzi ambayo nguvu yake si sawa pande zote.

Nne, macho ya utu uzima. Mwaka hata mwaka lenzi ya jicho hukakamaa, na kuanzia miaka 40 hivi haiwezi tena kunenepa vya kutosha. Mshona nguo hushindwa kutunga uzi sindanoni. Mama hayaoni mawe katika mchele. Huu si ugonjwa, wala si upungufu wa akili. Huwafikia watu wote, maprofesa na wakulima. Dawa yake ni miwani ya kusomea, yenye lenzi mbinuko, na miwani ya namna hiyo ilitengenezwa Italia kabla ya mwaka 1300.

Je, yasaidia? Mwaka 2018 watafiti walitangaza habari za wachuma chai wa Assam, nchini India, wenye miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya karibu waliongeza mavuno yao kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko wenzao ambao walikuwa hawajapewa. Mikono ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kuona.

Mwaweza kujijaribu. Toboeni karatasi ngumu kwa sindano, kisha someni kupitia tundu hilo mahali penye mwanga mwingi. Msilitazame jua kamwe! Herufi zikiwa wazi zaidi, huenda miwani itakufaa. Nenda ukapimwe macho. Usitegemee miwani ya jirani, maana imepimwa kwa macho yake. Wala usiogope kwamba miwani itayadhoofisha macho yako, haifanyi hivyo.

Lakini miwani haiponyi kila kitu. Mtoto wa jicho huondolewa kwa kupasuliwa. Na jicho likiuma na kuwa jekundu, au likipoteza nuru ghafla, kimbilieni hospitali siku ile ile.

Basi, ndugu zangu, kabla hujailaumu akili yako, yapime macho yako. Na ukimwona mwenzako ameacha kuja darasani, mpelekee habari hizi leo. Kwaherini.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Lenzi ya jicho hufanya nini tunapotazama kitu cha karibu?
2. Kwa nini mtu wa miaka 50 husogeza kitabu mbali na uso?
3. Asiyeona mbali hupewa lenzi ya namna gani?
4. Katika kijiji chenu, ni kazi zipi zinazohitaji kuona karibu?