Pampu ya Oili: Tusiidharau

Sisi Wabajuni tuliokimbia vita vya 1991 twajua: kati ya Koyama na Kismayo hakuna gereji. Gari likiharibika huwekwa kando ya njia. Mashua ikizima injini wakati wa kusi husukumwa miambani.

Taa ya oili ikiwaka, zimeni injini kwanza, kisha pimeni oili. Ikiwa imejaa na presha haipandi, huenda ni pampu. Mwageni oili, fungueni sampu, safisheni chujio, toeni pampu. Mpya ijazeni oili kabla ya kuifunga. Ikiingia kavu huenda isivute, na beringi zitasagika. Gasketi iwe mpya. Fungeni dizeli, zungusheni injini mpaka presha ipande, ndipo muwashe.

Vijana, jifunzeni hapa hapa kambini. Baharini hakuna wa kuuliza.