Ofisi ya DC Iliyogeuka Makavazi, na Maduka Yasiyo na Mlinzi

Jengo la mawe lililo kongwe zaidi mjini Meru lilijengwa mwaka 1916, na aliyeamuru lijengwe hakuwa na nia ya kumpendeza Mmeru yeyote. Ilikuwa ofisi ya mkuu wa wilaya, Bwana DC. Mwaka wenyewe ulikuwa wa vita. Waingereza walikuwa wakipigana na Wajerumani upande wa kusini, na vijana wa makoloni yao wakichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Mzee aliyeitwa pale alikuja na rupia za kodi ya nyumba, au alikuja kuulizwa wanawe wako wapi. Hakuja kutalii.

Vitukuu wa mzee huyo siku hizi hushushwa hapo na basi la shule, wakapangwa foleni na mwalimu, wakaingia. Tangu mwaka 1974 ofisi hiyo imekuwa Makavazi ya Meru, chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Ndani mmewekwa vyombo, silaha na mapambo ya Wameru. Nje kuna boma la mfano lililojengwa kwa desturi ya wenyeji, pamoja na bustani ya mitishamba. Nyumba ya aliyekuja kutawala ndiyo sasa inayotunza mali ya waliotawaliwa. Sijui kisasi kingine cha upole kama hicho.

Meru haiko peke yake katika mtindo huu. Nairobi, ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa, iliyojengwa mwaka 1913 na ambayo leo inafunikwa na kivuli cha Jumba la Nyayo, ni ukumbi wa sanaa. Nyeri, mahakama ya Waafrika ya enzi za ukoloni iliyoko Ruring'u imekuwa makavazi. Kapenguria, seli walimofungiwa Jomo Kenyatta na wenzake watano ndimo wageni wanamoingizwa leo. Kabarnet ni makazi ya DC. Ukiitazama ramani ya makavazi ya Kenya bara, unaona kwamba tulichoamua kukihifadhi kwanza ni ofisi, korti na jela. Si ajabu, maana serikali huhifadhi kilicho chake kwanza: haina mwenye plot wa kubembeleza wala fidia ya kulipa. Lakini jambo hilo limetufanya tuamini kwamba turathi ni bendera na mlingoti, na kwamba kitu kisichowahi kuwa cha serikali hakistahili kutunzwa.

Meru na Embu, mji mwingine wa milimani humu, ilizaliwa karibu pamoja. Embu ilianza kuwa kituo cha Waingereza mwaka 1906, baada ya kampeni ya kijeshi dhidi ya Waembu. Mwanahistoria H. S. K. Mwaniki alipoandika kitabu chake kuhusu historia ya Waembu na Wambeere, aliikomesha simulizi yake mwaka huohuo wa 1906, na kila anayejua kilichotokea anaelewa kwa nini. Miaka miwili hivi baadaye afisa mmoja, E. B. Horne, alipiga kambi upande wa Meru. Wenyeji walimwita Kangangi kwa sababu alikuwa hatulii mahali pamoja. Miji imedumu zaidi ya karne moja tangu hapo, lakini mbele ya sheria bado ni michanga.

Maana Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006, inapozungumzia vitu vya kale vinavyohamishika, huhesabu vile vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Huko Lamu au Gede huhitaji kukuna kichwa. Ukichimba futi moja unakutana na karne kadhaa. (Wameru wenyewe husimulia kwamba asili yao ni Mbwaa, kisiwa cha pwani, na mtafiti Jeffrey Fadiman alikiona kuwa Manda, ng'ambo tu ya Lamu. Kama ni kweli, waliacha nyuma nchi ya matumbawe na chokaa wakaja kujenga kwa miti, udongo na nyasi.) Mjini Embu hakuna jengo linaloweza kujitetea kwa umri. Sharti waziri alitangaze jina kwa jina katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye nalo apewe nafasi ya kupinga. Jengo moja, barua moja, waziri mmoja. Kwa mwendo huo, ghorofa hukamilika kabla barua haijapigwa mhuri.

Ndiyo maana nimefikia kuamini kwamba kinachookoa jengo milimani humu, kuliko tangazo lolote, ni jengo kuwa na kazi ya kufanya.

Chukua hoteli. Mjini Meru kuna Pig and Whistle, ya miaka ya 1930, yenye vijumba vya mbao ambavyo mtu akiviona mara ya kwanza hudhani amepotea njia. Embu kuna Izaak Walton, ya mwaka 1948, iliyopewa jina la Mwingereza aliyeandika kitabu cha uvuvi mwaka 1653 na ambaye hakuwahi kuliona hata wingu la Mlima Kenya. Wazungu walikuwa wamepandikiza samaki aina ya trauti katika mito ya mlimani, wakataka mahali pa kulala baada ya kuvua, na jina likaja lenyewe. Wavuvi waliondoka. Hoteli ilibaki kwa sababu wenyeji waligundua kwamba bustani ile inafaa kwa harusi, semina na nyama ya Jumapili. Hakuna aliyetoa hotuba kuhusu turathi. Watu waliendelea kulipa bili, na paa likaendelea kutengenezwa.

Au nenda Nchiru, Tigania, kwenye nyumba ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru. Hapo ni mahali palipotangazwa kuwa turathi ya kitaifa, lakini usidhani tangazo ndilo linalopalinda. Panalindwa na wazee ambao bado wanakutana. Kesi ya shamba ikishindikana nyumbani inaweza kupelekwa kwao. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 159, inazitaka mahakama zenyewe ziendeleze njia za jadi za kupatanisha watu. Mwanasiasa akitaka baraka anawatafuta hao hao. Mkoloni alianza kwa kulidharau baraza hilo, kisha katika miaka ya 1930 DC mmoja, H. E. Lambert, akaona heri kulitambua na kulitumia. Wasomi wa Kiswahili wanamjua Lambert kwa njia nyingine: ndiye aliyetafiti lahaja za Kivumba na Kichifundi, na jina lake liko kwenye Diwani ya Lambert. Mtu aliyekuwa akiandika ripoti za utawala mchana, na tungo za wapwani usiku! Nyumba ya Nchiru ina jirani mkubwa sasa, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichojengwa kwenye ardhi ambayo Njuri ilichangia kuitoa. Hapo kuna wanafunzi wa uhandisi wa ujenzi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwenye eneo la turathi. Ningekuwa mhadhiri wao, somo la kupima na kuchora majengo ya kale nisingelifundishia darasani.

Boma la mfano pale makavazini linaonyesha jambo lingine. Nyumba ya nyasi haihifadhiwi kwa kuachwa ilivyo. Nyasi huoza, mchwa hula nguzo, mvua ndefu za Machi mpaka Mei hulegeza udongo. Kila baada ya miaka michache lazima paa liezuliwe na kuezekwa upya, na anayeezeka lazima ajue nyasi gani zikatwe, zikaushwe vipi, zianze kupangwa kutoka chini kwenda juu ili tabaka la juu lifunike shina la lililo chini. Huko kuezeka ndiko turathi yenyewe. Fundi akifa bila mwanafunzi, boma la mfano litabaki na nyasi za plastiki kama zile za vilabu vya kando ya barabara, na watoto wa shule watalipigia picha hilohilo.

Mawe nayo yana mitego yake. Kuta nyingi za enzi ya mwanzo ziliunganishwa kwa chokaa au kwa udongo, vitu laini vinavyoruhusu unyevu kuingia na kutoka. Anakuja mkandarasi mwenye nia njema, anaona plasta imebanduka, anapaka saruji. Saruji ni ngumu na haipumui. Maji yakishaingia kupitia ufa mdogo hayana pa kutokea, yanakaa ndani ya ukuta, na baada ya misimu kadhaa jiwe lenyewe linaanza kumomonyoka nyuma ya plasta iliyong'aa. Mafundi wa mji wa Lamu, uliotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2001, wanalijua hilo tangu utotoni kwa sababu chokaa ndiyo kazi yao. Milimani chokaa watu wanaijua kwa kupaka vigogo vya miti. Wachache wa mafundi wetu wakipelekwa pwani miezi mitatu kujifunza, ingekuwa safari ya kaunti yenye maana kuliko nyingi tunazozisoma magazetini.

Lakini nikiulizwa ni kitu gani kinatoweka haraka zaidi, sitataja ofisi wala hoteli. Nitataja maduka. Yale ya Wahindi na ya Waafrika waliowafuata: fremu ya mbao, kuta za mabati au za mawe, veranda mbele yenye nguzo nyembamba, milango ya mbao ya kukunja inayofungwa kwa chuma kilicholazwa kutoka pembe hadi pembe. Kizingiti kimelika katikati kwa miguu ya wateja. Juu ya mlango, chini ya rangi ya kampuni ya simu, unaweza bado kusoma kivuli cha tangazo la zamani la sabuni au majani ya chai. Kwenye veranda fundi cherehani alikuwa na haki yake isiyoandikwa popote, na mvua ikinyesha mji mzima ulijibanza hapo bila kuulizwa unanunua nini. Ghorofa zinazochukua mahali pake hazina veranda, kwa sababu veranda ni futi kadhaa za mraba zisizolipiwa kodi ya nyumba.

Pamoja na maduka ni mitaa ya Majengo, ambako Waislamu wa mwanzo wa miji hii, wengi wao waliofuatana na msafara wa serikali na wa biashara, walijenga kwa mpango walioujua kutoka pwani: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, uani nyuma, na mbele kibaraza cha kupumzikia. Udongo na fito badala ya matumbawe, mabati badala ya makuti, lakini mpango ni uleule. Katika ripoti za mipango mitaa kama hiyo huitwa makazi duni, na mifereji na taa inazopata ni za haki kabisa. Sijaona tu kwa nini mfereji upite juu ya kila kibaraza. Makanisa nayo yana hadithi yake. Waanglikana walifika Kigari, Embu, mwaka 1910. Wamethodisti walifika Kaaga mwaka 1912. Wapresbiteri wakaanza Chogoria mwaka 1922 na Daktari Clive Irvine. Waumini wakiongezeka hufanywa harambee, na mara nyingi kanisa la zamani ndilo linalobomolewa kwanza ili kupata nafasi ya kuegesha magari.

Nani ana mamlaka ya kusema ngoja kidogo? Hapa Katiba imegawa kazi kwa namna inayochekesha. Jedwali la Nne linaipa serikali kuu maeneo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa. Kaunti zimepewa makavazi, shughuli za utamaduni na mipango ya maendeleo. Kwa hiyo Nairobi inashika kalamu ya kutangaza turathi, na Meru na Embu zinashika mhuri wa kuidhinisha ramani ya ghorofa itakayoisimamia kichwani. Kwa sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019, kibali cha kujenga hutolewa na kaunti. Ofisa anayepokea ramani kaunta ndiye, akitaka, mlinzi wa turathi aliye karibu zaidi. Mji wa Kale wa Mombasa una ofisi ya uhifadhi inayoangalia maombi ya namna hiyo. Meru na Embu hazihitaji ofisi nzima. Zinahitaji orodha ambayo ofisa huyo anaweza kuifungua kabla hajagonga mhuri.

Na orodha si kazi ya kutisha. Mkoloni, kwa makarani wa kuhesabika, alihesabu kila nyumba ya kila kijiji ili aitoze kodi. Sisi tunazungumzia mitaa michache ya miji miwili, simu zenye kamera, na vijana waliomaliza chuo. Embu ingeweza kuanza hata kabla ya Meru, kwa kuwa ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki kwa nusu karne mpaka ugatuzi wa 2013 na haina ukosefu wa majengo ya zamani ya serikali. Mojawapo lingefaa kuwa makavazi ya kaunti, na Katiba tayari imeipa kaunti ruhusa.

Ugumu uko kwa mwenye plot. Mtu aliyerithi duka la mabati katikati ya mji, pamoja na ndugu zake sita, hawezi kuambiwa alitunze kwa ajili ya wapita njia. Yeye anaona kodi ya ghorofa nne. Kaunti zinamdai kodi ya ardhi kila mwaka na zina uwezo wa kumpunguzia. Zinaweza kumruhusu ajenge juu na nyuma mradi abakize sura ya mbele na veranda yake. Hayo ni mambo ya kujadiliwa na kuandikwa katika sheria ndogo za manispaa, yapelekwe kwenye bunge la kaunti, wananchi waitwe kutoa maoni. Mikutano ya namna hiyo huitishwa kila mwaka kuhusu bajeti. Mwenye duka akiingia ukumbini, swali lake la kwanza litakuwa atapunguziwa shilingi ngapi, na ni heri ofisa awe ameshapiga hesabu.