Kioo cha simu kimekwaruzika? Angalia pia vumbi la nguo zako!

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayemngoja nyumbani,

Simu si kitu cha bei kidogo. Kioo chake kikikwaruzika, macho yanataabika kusoma. Kikipasuka, vidole vinakatika. Basi tuone pamoja ni kitu gani kinachokiharibu, namna ya kukilinda, na la kufanya kikisha kuharibika.

ADUI NI NANI?

Wengi wanashitaki funguo na feza za mfukoni. Lakini mwaka 1812 mtaalamu Friedrich Mohs alipanga mawe kwa ugumu wao, kutoka 1 mpaka 10. Jiwe la namba kubwa linakwaruza lile la namba ndogo. Ukucha wa mtu ni 2 na nusu. Malakiti, jiwe letu la kijani la shaba, halipiti 4. Kisu cha chuma ni 5 na nusu hivi. Kioo cha simu kinakaribia 6. Lakini kwarsi, iliyo ndani ya mchanga na ndani ya mawe mengi ya Katanga, ni 7. Kwa hiyo ufunguo safi mara nyingi hauachi alama, lakini punje moja ya mchanga mfukoni inatosha.

Sasa fikiri vema. Kwarsi ni silika. Punje zake kubwa zinakwaruza kioo. Zile ndogo sana, ambazo jicho haliwezi kuziona, zinaingia mapafuni na kuleta ugonjwa wa silikozi. Kioo unaweza kununua kingine. Mapafu hayauzwi sokoni, na silikozi haina dawa ya kuiponya. Mfuko unaokwaruza simu yako unakuambia ya kwamba nguo zako zimejaa vumbi.

NAMNA YA KUJILINDA

1. Usiingie na simu mahali pa vumbi wala karibu na mashini. Iache katika kabati, pamoja na nguo za nyumbani.

2. Mahali pa vumbi, vaa kifuniko cha pua na kinywa ulichopewa kwa kazi hiyo. Kazi ikiisha, oga na kubadili nguo mbele ya kurudi nyumbani. Mama, usikung'ute nguo za kazi mbele ya watoto: zilowanishe kwanza, na uzifue mbali na nguo za mtoto.

3. Simu iwe na mfuko wake peke yake. Geuza mfuko huo nje na kuusafisha kila juma.

4. Bandika kioo cha kukinga juu ya kile cha simu. Kikikwaruzika, unabadili hicho cha bei ndogo.

5. Mbele ya kupangusa, zima simu na uondoe punje kwanza kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, bila kukandamiza. Ukisugua kioo kikavu chenye mchanga kwa kono la nguo ya kazi, wewe mwenyewe unakikwaruza. Simu yenye vumbi la kazi usimpe mtoto mdogo: ataitia kinywani.

KIOO KIKISHA KUKWARUZIKA

Watu watakuambia: paka dawa ya meno. Usifanye hivyo! Dawa ya meno inaondoa ngozi nyembamba inayokinga kioo na mafuta ya vidole, na mkwaruzo wa kweli unabaki palepale. Mkwaruzo mdogo, uuvumilie. Ikiwa unakusumbua, peleka simu kwa fundi abadili kioo.

KIOO KIKIPASUKA

Funika kioo chote kwa skochi nyeupe inayoonyesha ndani, na usimpe mtoto simu hiyo mpaka itengenezwe. Kipande kidogo kikiingia kidoleni, nawa kwa maji safi na sabuni. Ikiwa kinaonekana, kitoe polepole kwa pensi safi ya kutolea miiba. Kikiwa ndani sana, usichimbe kwa sindano wala kwa wembe: kuja hospitali, na utuambie siku uliyochanjwa chanjo ya pepopunda. Kikiingia jichoni, usisugue. Osha jicho kwa maji safi mengi na uje mara moja.

ANGALISHO!

Ukiona kioo kinainuka chenyewe, au mgongo wa simu unavimba, ni betri. Betri nyingi za simu zina kobalti, ambayo nchi yetu inatoa kupita nchi nyingine yoyote. Betri iliyovimba inaweza kuwaka. Usiitie moto wa umeme tena, usiitoboe, usiikandamize, usiitupe motoni. Weka simu mbali na kitanda na vitu vinavyowaka, kisha umpelekee fundi.

Ndugu, leo jioni geuza mfuko wako nje. Ukiona mchanga, anza kazi hapo.