Majaribio ya Tiba ya Viungo: Kipi Hasa Hupunguza Maumivu?

Maumivu ya mgongo wa chini, ambayo kwa makadirio ya mwaka 2020 yaliwasumbua watu milioni 619 duniani, yana tabia moja inayompa shida kila anayetaka kupima tiba yake, nayo ni kwamba mara nyingi hupungua yenyewe. Mgonjwa huenda hospitali wakati maumivu yamefika kilele, hutibiwa, na baada ya wiki chache hupata nafuu. Hapo yeye na aliyemtibu huamini kuwa tiba imefanya kazi, ilhali huenda nafuu hiyo ingekuja hata kama asingeguswa na mtu. Ndiyo maana fiziotherapia, yaani tiba ya viungo inayotumia mazoezi, mikono ya mtaalamu na vifaa badala ya upasuaji, haiwezi kutegemea ushuhuda wa waliopona peke yake, bali hulazimika kupitishwa katika majaribio ya kitabibu.

Katika jaribio la namna hii wagonjwa hugawanywa kwa bahati nasibu, ili wenye maumivu makali wasirundikane upande mmoja, kisha kundi moja hupewa tiba inayochunguzwa na jingine, mara nyingi, hupewa tiba bandia, yaani kitu kinachofanana na tiba kwa kila hali isipokuwa ile nguvu inayodhaniwa kuponya. Kwa vidonge kazi hii ni nyepesi, kwa kuwa kidonge kisicho na dawa hutengenezwa kwa umbo na rangi ileile. Kwa fiziotherapia ni ngumu mno, maana hakuna awezaye kumfanyisha mtu mazoezi bila mwenyewe kujua.

Mwaka 1990 Richard Deyo na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio lililokabili ugumu huo kwa ustadi. Walichunguza kifaa kidogo kinachopitisha umeme hafifu kwenye ngozi kwa nia ya kutuliza mishipa ya fahamu, wakiwa na wagonjwa 145 wenye maumivu sugu ya mgongo. Baadhi walipewa kifaa halisi, wengine kifaa kinachofanana nacho ambacho hakikupitisha umeme wowote, na kila upande ukagawanywa tena ili nusu yao waongezewe mazoezi. Maumivu yalipungua kwa asilimia 47 kwa waliopata umeme na kwa asilimia 42 kwa waliopata kifaa kitupu, tofauti ndogo kiasi kwamba kitakwimu haikuweza kutenganishwa na bahati tu. Waliofanya mazoezi ndio waliokuwa na nafuu zaidi baada ya mwezi mmoja. Lakini miezi miwili baadaye, wengi wao walipokuwa wameyaacha, faida hiyo ilikuwa imetoweka. Sehemu hii ya mwisho haitajwi sana, nayo pengine ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kuwa zoezi halimalizwi kama dozi ya dawa.

Mikono ya mtaalamu nayo imepimwa, na si kila mara imeshinda. Huko Melbourne, Australia, jaribio lililotolewa mwaka 2014 na timu ya Kim Bennell, ambaye mwenyewe ni mtaalamu wa fiziotherapia, liliwahusisha wagonjwa 102 wenye nyonga zilizosagika. Kundi moja lilipata mazoezi na tiba ya mikono, na jingine likapakwa jeli isiyo na dawa na kupitishiwa mashine ya mawimbi ya sauti iliyozimwa. Makundi yote mawili yalipata nafuu, wala la kwanza halikulizidi la pili. Matokeo ya namna hii ni machungu kwa fani, na wataalamu wanaoyachapisha bila kuyaficha wanastahili heshima.

Habari njema imetoka Australia vilevile. Mwaka 2024 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la watu wazima 701 waliokuwa wamepona maumivu ya mgongo karibuni, ambapo waliopangiwa matembezi na kupewa mafunzo na wataalamu wa fiziotherapia walikaa kwa wastani wa kati siku 208 kabla ya maumivu kurudi, ilhali walioachwa bila mpango wowote walikaa siku 112. Kwa kuwa hapakuwa na tiba bandia ya kulinganishia, huenda sehemu ya faida ilitokana na kuhudumiwa kwa karibu, lakini tofauti hiyo haiwezi kupuuzwa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini unapendekeza programu za mazoezi, na haupendekezi vifaa vya umeme wa ngozi, mawimbi ya sauti, kuvutwa mgongo wala mikanda ya kiuno. Mwenye ganzi sehemu za siri, miguu inayolegea au mkojo usiozuilika anapaswa kumwona daktari mara moja. Lakini yule ambaye kila wiki hulipia kulazwa chini ya mashine ana haki ya kumwuliza mtaalamu wake ni jaribio gani limethibitisha faida yake, na kudai apangiwe mazoezi atakayoendelea nayo nyumbani.